Mtoto amebadilika: mwongozo kamili kwa wazazi wa vijana wa miaka 12 hadi 18, Nyanda za Juu Kusini

Mwanafunzi wa kidato cha pili pale Ilomba anakosa shule siku mbili kila wiki. Baba anachukua fimbo. Lakini huenda mtoto ameanza kubeti. Huenda kuna wakubwa wanaomvizia njiani na kumnyang'anya nauli. Huenda haoni ubaoni na amechoka kuchekwa. Huenda ni binti, ana mimba na anaficha. Huenda anabeba magunia ya viazi Uyole apate hela ya mchango alioshindwa kuuomba nyumbani. Utoro ni ule ule, sababu ni tano, na fimbo haitibu hata moja. Kwa baadhi itamsukuma mtoto mbali zaidi na nyumbani.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mzazi ni kuchunguza, na kurekebisha kunafuata. Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Ila kama mtoto amezungumzia kufa, amejikata, amekunywa sumu, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au amefanyiwa ukatili wa kingono, usisome kwa mpangilio: nenda moja kwa moja hatua ya saba.

Hatua ya 1: Tenganisha mambo ya umri na mambo ya hatari

Wasichana wengi huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14. Mwili unatangulia. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima madhara na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi mtu anapopita miaka 20. Ndiyo maana kijana wa miaka 15 anaweza kukueleza vizuri kabisa hatari ya kupakizana wanne kwenye bodaboda, halafu jioni hiyo hiyo akapanda na wenzake. Alipokueleza hakukudanganya. Mbele ya rika lake uamuzi wake hulegea, na hilo utaliona kwa karibu kila kijana, hata aliyelelewa vizuri.

Kubishana, kununa saa chache, kuona aibu kutembea na mama sokoni Mwanjelwa, kufunga mlango wa chumba, kujali nywele na viatu kupita kiasi, kumwamini rafiki kuliko baba: haya ni ya umri. Yanachosha, lakini usiyafanyie kikao cha ukoo.

Usingizi uangalie kwa makini kuliko wazazi wengi wanavyofanya. Mwili wa kijana huanza kuhisi usingizi usiku zaidi kuliko wa mtoto mdogo, na bado anahitaji saa 8 hadi 10. Sasa piga hesabu ya mwanafunzi wa shule ya kutwa: anaamka saa 11 alfajiri, anachota maji, anafagia uwanja, anatembea kwenye baridi ya Juni. Kama jana yake alilala saa 5 usiku, amelala saa 6 tu. Ukirudia hivyo siku tano, ifikapo Ijumaa utakuwa na kijana mwenye hasira za karibu, anayesahau alichotumwa na kusinzia darasani. Kabla ya kumwita mkaidi, msogeze alale saa 3 usiku kwa wiki mbili, simu ikiwa nje ya chumba, uone kinachobaki.

Mambo yaliyovuka umri unayatambua kwa maswali manne. Je, yamedumu wiki mbili au zaidi bila kupungua? Je, yameenea sehemu zaidi ya moja, yaani nyumbani na shuleni, au shuleni na kwa marafiki? Je, ameacha kitu alichokuwa anakipenda, kama mpira, kwaya, au mdogo wake? Je, yeye au mtu mwingine anaweza kuumia? Jibu la ndiyo kwa swali la nne linatosha peke yake. Kwa hayo matatu ya mwanzo, majibu mawili ya ndiyo yanakutaka uendelee na hatua ya pili. Kipimo chako ni mtoto huyu alivyokuwa mwaka jana. Usimpime kwa binamu yake.

Hatua ya 2: Andika kwa wiki mbili

Chukua daftari la kawaida la kurasa 40. Kila tukio liwe na mambo matano: tarehe na saa, kilichotokea kabla, alichofanya au kusema (kwa maneno yake), ulichofanya wewe, lilivyoisha. Mistari mitatu inatosha. Andika pia siku zilizopita salama, kwa sababu siku hizo ndizo zinazosema mengi. Kijana anayegombana kila Jumapili jioni na kutulia Ijumaa anaogopa kitu cha Jumatatu. Anayenuna baada ya kutumwa dukani pekee, huenda njiani kuna mtu anayemsumbua.

Neno "jeuri" lisiingie kwenye daftari hili. Andika "aliitwa mara mbili hakuitika, mara ya tatu akapiga mlango". Ukiandika tabia kama ilivyoonekana, hata mwalimu au daktari ataweza kuitumia. Daftari likae mahali ambapo watoto hawafiki, kwani kijana akilikuta ataona anapelelezwa, na mlango wa mazungumzo utafungwa.

Katika wiki hizo nenda shuleni mara moja, usisubiri kikao cha wazazi. Mwone mwalimu wa darasa, umwombe mambo matatu: mahudhurio ya miezi miwili kutoka kwenye daftari la mahudhurio, alama za majaribio ya karibuni, na nani anakaa naye darasani. Usiende na mashtaka. Ukianza kwa "Mwalimu, huyu mtoto ameharibika", mwalimu naye atakupa orodha ya makosa yake na hutajua lolote jipya. Tazama pia mwili: amepungua, macho mekundu, anavaa mikono mirefu hata mchana wa joto, anakwepa kula na wenzake, anaenda chooni mara kwa mara, anaumwa kichwa au tumbo kila siku ya shule. Kama kuna mashaka ya macho au masikio, apimwe katika wiki hizo hizo. Ni jambo dogo ambalo limewapotezea watoto wengi miaka yao ya sekondari.

Hatua ya 3: Soma sababu

Utoro na kushuka kwa alama. Panga siku alizokosa dhidi ya ratiba ya vipindi. Akikosa siku zenye somo moja, tatizo ni somo hilo au anayelifundisha. Akikosa Jumatatu na Ijumaa, tazama mambo ya wikendi. Akikosa kipindi kile michango inapodaiwa, muulize ameambiwa nini mbele ya wenzake. Wakati wa kupanda na kuvuna, waulize pia watu wa nyumbani kwako: huenda ni ninyi mnaomtuma shambani.

Maisha ya geto. Wanafunzi wengi wa shule za kata wanaotoka vijiji vya mbali hupanga chumba karibu na shule. Mtoto wa miaka 14 anajipikia, anajiamsha, anajilinda. Wazazi wengi hutuma gunia la mahindi mwanzo wa muhula wakaona wamemaliza. Hesabu ya kweli ya kijana mmoja anayekula ugali mara mbili kwa siku ni karibu kilo tatu na nusu za unga kwa wiki, maharage kilo moja na nusu, nusu lita ya mafuta, chumvi, mkaa au kuni, sabuni, na kwa binti taulo za kike kila mwezi. Kimojawapo kikikosekana, atakitafuta, na wapo watu wazima wanaojua hivyo na wanaosubiri pale njiani wakiwa na chipsi na lifti ya bodaboda. Ukiona binti wa geto ana simu au viatu usivyonunua, kabla ya kuuliza "amekupa nani?" jiulize chakula kiliisha tarehe ngapi. Tembelea geto angalau mara moja kila wiki mbili. Kama huwezi, mwombe mama mwenye nyumba akupigie, na umlipe heshima yake kwa kazi hiyo. Wasichana wawili wa kijiji kimoja katika chumba kimoja chenye kufuli imara ni salama kuliko mmoja peke yake.

Pesa kupotea. Anza na kiasi. Mia tano na elfu moja zinazopotea mara kwa mara mara nyingi ni kubeti, mashine za kamari, vocha za intaneti au sigara. Kiasi kikubwa kinachopotea mara moja huashiria deni, au mtu anayemtisha. Kubeti hakuruhusiwi kwa aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo kijana hutumia laini ya mtu mwingine. Mfahamu huyo mtu. Dalili nyingine ni furaha na huzuni zinazofuata matokeo ya mechi za Jumamosi na Jumapili, na vitu vyake vinavyotoweka kimoja kimoja: kikokotoo, viatu, koti. Usilipe deni kimya kimya. Lijue lote, kaa na anayemdai, mpange kijana alilipe kidogo kidogo kwa kazi anayoiweza, na pesa za nyumbani zisikae mahali anapopajua.

Pombe na bangi. Huku kwetu pombe haifichwi. Masika ulanzi unauzwa njiani Iringa na Njombe kwa bei ambayo hata mtoto anaimudu, na mzazi aliyezoea kumpa mtoto togwa hashtuki akimwona na kikombe cha ulanzi mtamu. Ulanzi huendelea kuchachuka. Wa asubuhi na wa jioni haulingani nguvu. Kuna komoni, kuna kangara, na kuna pombe kali za chupa ndogo, zilizoshika nafasi ya viroba (pombe kali za vifuko vya plastiki) baada ya viroba kupigwa marufuku mwaka 2017. Tofautisha kujaribu na kutumia. Aliyejaribu mara moja kwenye sherehe anahitaji mazungumzo. Anayetumia peke yake, anayetumia kabla ya shule, au anayeuza vitu ili apate, huyo anahitaji mtaalamu.

Usimhoji mtu akiwa amelewa. Mlaze kwa ubavu, mfunike vizuri, mtu mzima akae karibu naye hadi azinduke. Kahawa na maji ya baridi kichwani havimsaidii. Baridi ya usiku ya Makete, Njombe au Mufindi inaweza kumuua mlevi aliyelala nje, hivyo usimfungie mlango kwa hasira. Asipoamka ukimtikisa, akipumua polepole au kwa kukatika, akitapika akiwa usingizini, au mwili ukiwa wa baridi na midomo ya bluu, mpeleke hospitali usiku huo huo. Bangi nayo, kwa baadhi ya vijana, huleta kushuku watu na kusikia sauti. Ukiona hivyo usisubiri itoke mwilini, mpeleke akapimwe.

Kujitenga, hasira zisizoisha, kuchoka kila kitu. Sonona (ugonjwa wa akili wa kukata tamaa na kukosa furaha) kwa kijana mara nyingi haifanani na huzuni. Inakuja kama hasira, uvivu, kuumwa kichwa na tumbo bila ugonjwa kuonekana, kulala mno au kukosa usingizi, na maneno kama "mimi sina maana". Mama humtibu vidonda vya tumbo miezi kadhaa huku mtoto anazama. Wiki mbili za hali hiyo zinatosha kumpeleka kwa mtoa huduma ya afya na kusema waziwazi kwamba unataka apimwe afya ya akili.

Kugoma dawa. Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, na wapo vijana wengi waliozaliwa nayo, wengine wakilelewa na bibi. Wakifika miaka 13 au 14 baadhi huanza kutupa vidonge. Mara nyingi wameambiwa ni dawa za kifua, wakagundua ukweli kwa rafiki au kwenye mtandao. Hapo hasira unayoiona ni ya kudanganywa. Nenda naye CTC (kliniki ya huduma na tiba ya VVU), mwombe mshauri akusaidie kumweleza ukweli wote, pamoja na kwamba akimeza dawa vizuri atasoma, ataoa au kuolewa, na kupata watoto wasio na maambukizi. Vipimo na kliniki visiahirishwe kwa sababu ya ugomvi: dawa zikikatwakatwa, virusi hujenga usugu.

Mapenzi na mimba. Ukigundua uhusiano, swali la kwanza ni umri wa huyo mwingine. Wanafunzi wawili wa rika moja wanahitaji mipaka na elimu ya afya ya uzazi, ambayo kijana anaweza kuipata pia kwenye kituo cha afya. Mtu mzima kufanya mapenzi na mtoto wako ni kosa la jinai, na kumpa mimba mwanafunzi kunaweza kumfunga mtu miaka 30. Usikubali kumaliza kwa ng'ombe au kwa fedha. Mkimalizana nyumbani, yule mtu hubaki mtaani na binti mwingine hufuata. Binti akiwa na mimba, aanze kliniki mara moja, na usimfukuze nyumbani. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa ujauzito kurudi katika shule za serikali baada ya kujifungua, kwa hiyo mwone mkuu wa shule mapema mpange kurudi.

Hatua ya 4: Zungumza, kwa saa na mahali panapofaa

Mazungumzo mengi huharibika kabla hayajaanza, kwa sababu ya saa. Usimwite akiwa na njaa, akiwa ametoka tu shuleni, wakati wageni wapo, au wewe ukiwa na hasira. Vijana huongea kwa urahisi mikono ikiwa na kazi na macho yakitazama kitu kingine: mkimenya viazi, mkipukuchua mahindi, mkitembea kutoka shambani, mkiota moto jioni. (Jiko la mkaa likiwa ndani, acha dirisha wazi, hewa yake katika chumba kilichofungwa inaua.) Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Zikizidi, inakuwa hotuba.

Anza na ulichokiona, sema unavyojisikia, kisha ombi. Kwa mfano: "Baba, wiki hii umerudi mara tatu baada ya saa 2 usiku. Nimekuwa na wasiwasi. Nisaidie nielewe." Kwa binti: "Mama, naona siku hizi huendi kwaya na huli na sisi. Sijakuita kukugombeza." Baada ya hapo nyamaza. Ukimya utakuwa mrefu, utakuchoma, na utatamani kuujaza kwa mawaidha. Vumilia. Asipojibu, sema, "Sawa, nipo. Kesho jioni tutaendelea," na kweli kesho urudi.

Swali la "kwa nini?" hulifanya jibu kuwa utetezi. Uliza "ilianzaje?", "nani alikuwepo?", "kitu gani kinakusumbua zaidi kati ya haya?" Usimlinganishe na mtoto wa mama mkubwa anayesoma Mkwawa. Usifukue makosa ya mwaka juzi. Na alichokuambia kisiende kwa majirani wala kwenye maombi ya jumuiya kwa jina lake. Kikirudi masikioni mwake kupitia mtoto wa jirani, hatakuambia tena.

Akikiri jambo zito, sura yako katika sekunde zile za kwanza ndiyo itakayoamua kama ataendelea. Sema, "Asante kwa kuniambia. Nahitaji muda nifikirie, ila uko salama hapa." Adhabu, kama ipo, isubiri kesho. Usimwahidi siri kwa mambo ya hatari. Mwambie utamshirikisha mtu anayeweza kusaidia na umtaje ni nani.

Kuna mambo ambayo mtoto hawezi kumwambia mzazi wake, na hili si dharau kwako. Shangazi, mjomba, bibi au babu wamefanya kazi hii tangu zamani. Chagua anayesikiliza, si mkali kuliko wote, na mkubaliane mapema kwamba atakueleza ya hatari tu. Ukimtuma mtu akapeleleze, kijana atajua siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Kanuni chache na matokeo yanayotekelezeka

Kanuni zisizidi nne, ziandikwe, kijana awepo mnapozitunga. Kila kanuni iwe na kitu cha kupima. "Uwe na adabu" haipimiki. "Kurudi kabla ya saa 12 na nusu jioni siku za shule, ukichelewa, piga simu au tuma mtu" inapimika. "Simu inalala chumbani kwa wazazi kuanzia saa 3 usiku" inapimika pia, na simu yako wewe iwekwe pale pale.

Matokeo yafanane na kosa, yawe mafupi, na uyaweze. Amechelewa dakika 40? Jumamosi anabaki nyumbani mchana. Ametumia simu usiku wa manane? Simu inakaa kwako siku mbili. Amevunja dirisha kwa hasira? Analilipia kwa kazi ya wikendi, wewe ukimsimamia. Kumnyang'anya simu "hadi umalize kidato cha nne" hutaweza, na akishajua huwezi, kanuni zote nne zimekufa. Visivyoguswa kamwe: chakula, shule, malazi, dawa. Kumfukuza usiku ni kumkabidhi kwa yeyote atakayempokea.

Kuhusu fimbo: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inakataza kumtesa na kumwadhibu kwa namna inayomdhuru. Zaidi ya sheria, kijana aliyepigwa hujifunza kuficha vizuri zaidi. Na atakapofika miaka 16, akiwa na nguvu kuliko wewe, siku atakayoishika fimbo yako mkononi utakuwa huna njia nyingine uliyoijenga.

Tarajia hali kuwa mbaya kidogo wiki ya kwanza hadi ya pili. Anajaribu kama umemaanisha. Wengi hulegeza hapo, au baba anasema hivi na mama vile. Kama baba yuko machimboni Chunya au kwenye mpunga Mbarali, aelezwe kanuni zote kwa simu kabla ya kuanza, na akirudi mwisho wa mwezi asije kama jaji wa rufaa. Bibi anayelea wajukuu ajulishwe vivyo hivyo, kwa heshima, kwani yeye ndiye anayewafungulia mlango usiku.

Pamoja na kanuni, taja zuri unaloliona kila siku, dogo na la kweli: "Umemsaidia mdogo wako hesabu, nimefurahi." Kijana anayesikia jina lake kwa lawama tu huacha kulisikia.

Wazo la kumhamishia kijijini au kwa baba mkubwa hujitokeza katika karibu kila ukoo. Linafaa kama sababu iko kwenye mazingira, mfano kundi la kijiweni, na kule aendako kuna mtu mzima aliyekubali kwa hiari, shule na chakula. Halifai kama sababu imo ndani yake, kama sonona au ukatili aliofanyiwa, na ni hatari kabisa kama aliyemdhuru yuko kule. Kumtoa binti wa miaka 14 shule na kumpeleka kufanya kazi za ndani mjini kwa sababu "ameshindikana" ni kumwongezea hatari mara nyingi zaidi.

Hatua ya 6: Tafuta msaada mapema

Kama wiki nne za hatua ya 4 na 5 hazijabadilisha kitu, usianze upya peke yako. Shuleni muulizie mwalimu wa malezi na ushauri nasaha. Katika halmashauri yupo Afisa Ustawi wa Jamii. Ofisi ya kata itakuelekeza. Huduma ya Simu kwa Mtoto ni namba 116, hailipiwi, na mtoto anaweza kupiga mwenyewe, hivyo iandike ukutani. Kwa afya ya akili na dawa za kulevya anza na kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ambako utapewa rufaa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina huduma ya magonjwa ya akili. Beba daftari lako, majina ya dawa zote anazotumia pamoja na za mitishamba, na kama kuna mtu kwenye ukoo aliyewahi kuugua akili, sema. Omba daktari azungumze na kijana peke yake walau dakika chache.

Maombi na kiongozi wa dini vinaweza kwenda sambamba na tiba. Ila popote atakapofungwa kamba, kunyimwa chakula au kuamriwa kuacha dawa, mtoe siku hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Mambo yasiyosubiri

Kujiua. Akisema "bora nife", akigawa vitu vyake, akiaga, au akiwa amejikata, muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi wazo, humpa nafasi ya kusema. Uliza kama amefikiria njia gani na lini. Akiwa na njia na wakati, asiachwe peke yake hata dakika moja, na apelekwe hospitali siku hiyo.

Kisha ondoa njia. Katika kaya zetu za nyanya Ilula, viazi Njombe na kahawa Mbozi, sumu za mashambani hukaa chini ya kitanda au juu ya dari. Tafuta sanduku la bati lenye kufuli, weka humo sumu za wadudu, za panya na za magugu, pamoja na dawa zote za hospitali, ufunguo uuvae. Bora zaidi, peleka kwa ndugu hadi hali itulie. Msukumo wa kujiua kwa kijana mara nyingi ni mkali na wa muda mfupi, na kukosa sumu karibu katika saa hiyo kumewaokoa wengi. Kamba na panga navyo viondolewe chumbani.

Akiwa ameshakunywa sumu: usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta. Mvue nguo zilizoloa, mwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni ukijikinga mikono, mlaze kwa ubavu, mkimbize hospitali mkiwa na chupa au kopo la sumu ili daktari asome jina lake.

Ukatili wa kingono. Tiba kwanza, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia VVU hazina faida baada ya hapo, na dawa ya kuzuia mimba hufanya kazi vizuri kadiri inavyowahiwa. Asioge, nguo zisifuliwe. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Ulizia Kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, ambako daktari, polisi na ustawi hufanya kazi pamoja. Kama hakipo, Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Aeleze mara chache iwezekanavyo, na mbele ya mtu anayemwamini. Wavulana nao hufanyiwa, na hukaa kimya zaidi.

Kusikia sauti, kuongea peke yake, kushuku kuwa anawekewa sumu kwenye chakula. Usibishane naye kama sauti zipo au hazipo. Ongea taratibu, punguza watu na kelele, ondoa vitu vyenye ncha, mpeleke hospitali mkiwa watu wazima wawili. Tiba ikianza mapema, wengi hurudi darasani.

Mtoto akitoka hospitali, mpangie miadi ya kwanza ndani ya wiki moja, na wiki hizo za mwanzo zilindwe kuliko zote, kwa kuwa ndipo wengi hujaribu tena. Zungumza na mwalimu wa darasa kabla hajarudi shule: nani atajua, atakaa na nani, akizidiwa aende ofisi ipi. Rudi kwenye daftari lako kila Jumapili. Ukiona ameanguka tena baada ya mwezi mzima mzuri, tazama kwanza kilichobadilika katika siku tatu zilizotangulia, usingizi ukiwa wa kwanza kuuangalia, kisha uanzie hatua ya nne.